Daraja za Vitabu vya Sayansi na Ufundi katika Maktaba za Vyuo Vikuu



Katika darsa yetu ya baina ya magharibi na isha, mzee mmoja miongoni mwa wanachama aliuliza suali ambalo twaona lafaa kujibiwe kwa maandishi, kwani si lake peke yake. Alisema: "Sheikh wetu, nina kijana wangu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, asomea uhandisi. Kila akija nyumbani humuuliza, mwanangu, mwasoma kitabu gani huko? Naye hunijibu, baba, hatusomi kitabu, twasoma makaratasi ya mwalimu. Sisi tulipokuwa wadogo, mtoto akiulizwa alijua kusema niko katika Safina, au niko katika Ajurumia. Je, huko kwao hakuna vitabu, au viko na hawavisomi?"

Jawabu ni kuwa vitabu viko, tena ni vingi na vya namna mbalimbali. Kijana anayehitimu uhandisi kwa makaratasi ya mwalimu peke yake ni kama mtu aliyekaa miaka minne mlangoni mwa hazina, akipokea alichotiwa kiganjani. Lakini hatumlaumu peke yake. Aghlabu hakuna aliyemwambia kuwa vitabu vile vina daraja, na kila daraja ina kazi yake, na namna ya kukiuliza kitabu cha daraja hii si namna ya kukiuliza cha daraja ile. Mwenye kuingia maktaba bila kujua hayo huona ukuta wa maelfu ya vitabu, akatishika, akarudi kwenye makaratasi yake. Basi somo letu la leo ni kuzieleza daraja hizo. Twapenda wazee nao wazijue, ili wawaulize watoto wao suali la mtu ajuaye.

Hapa Mombasa jambo hili latuhusu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, hakikuanza kwa jina hilo. Kiliasisiwa mwaka wa 1948 kwa jina la Mombasa Institute of Muslim Education, ambacho wazee wetu walikiita kwa ufupi MIOME, na makusudio yake yalikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Katika waliotoa mali ya kukijenga walikuwamo Sultani wa Zanzibar, na Aga Khan, na jamii ya Mabohora. Na wanafunzi wa mwanzo wa ufundi waliingia mwaka wa 1951. Baadaye kilifunguliwa kwa watu wa dini zote na makabila yote, mwaka wa 1966 kikaitwa Mombasa Technical Institute, mwaka wa 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka wa 2013 kikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Mwaka uo huo Chuo Kikuu cha Pwani, huko Kilifi, nacho kilipata hati yake. Kwa hivyo kijana wa pwani leo hana haja ya kuvuka nyika wala bahari ili apate kusimama mbele ya rafu za vitabu vya elimu hizi. Babu zake walitoa mali ili mlango ufunguke. Sasa yeye ajue la kufanya akishaingia.

Tuanze na mpango wa vitabu, kwani asiyejua mpango atatafuta siku nzima akose kilicho mbele ya macho yake. Kupanga vitabu kwa fani zake si jambo geni kwetu. Mwaka wa 377 wa Hijra, sawa na mwaka wa 987 wa Miladi, Ibn al-Nadim wa Baghdad alitunga Fihrist yake, akavigawanya vitabu vyote alivyovijua katika makala kumi. Fiqhi aliiweka katika makala ya sita, na falsafa na hisabu na falaki na tiba akaziweka katika ya saba, na elimu ya kugeuza madini akaitia ya kumi, mwisho kabisa. Maktaba za leo hutumia mipango miwili iliyo mashuhuri. Mmoja ulitungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka wa 1876, nao huvigawanya vitabu kwa namba: 500 ni sayansi, na 600 ni ufundi na elimu zenye kutendewa kazi. Ndani ya 500, hisabu ni 510, falaki ni 520, kemia ni 540. Na ndani ya 600, tiba ni 610, uhandisi ni 620, kilimo ni 630. Mpango wa pili ni wa maktaba ya Bunge la Marekani, nao hutumia herufi: Q kwa sayansi, R kwa tiba, S kwa kilimo, T kwa ufundi. (Katika mpango wa Dewey, Uislamu wote umebanwa katika namba moja, 297, na ilhali Ukristo umeachiwa sehemu kubwa ya namba za 200. Lakini hilo si neno letu la leo.)

Yafaa mwanafunzi afahamu tafauti ya 500 na 600, kwani wengi hupotea hapo. Vitabu vya 500 huuliza kwa nini, na vitabu vya 600 huuliza vipi. Mtu atakaye kujua kwa nini maji yaendayo mbio katika mfereji mwembamba hupungua nguvu ya kusukuma kando, atakwenda 532, palipo na elimu ya vitu vyenye kumiminika. Atakaye kujua vipi bandari itachimbwa, au ukuta wa kuzuia bahari utajengwa, atakwenda 627. Basi kijana wa uhandisi asiyekwenda ila 600 atajua kujenga bila ya kujua sababu, na siku ukuta utakapopasuka hatakuwa na la kusema.

Sasa tuje kwenye daraja zenyewe. Mwenye kusoma elimu za dini ana bahati hapa, kwani sisi twajua tangu utotoni kuwa matni si sharhi, na sharhi si hashia, na mukhtasari si kitabu kirefu. Hakuna mwalimu mwenye akili ampaye mtoto Tuhfa ya Ibn Hajar kabla ya Safina. Humwanzisha Safina, akampandisha kwa Abu Shujaa, kisha Minhaj ya Imamu Nawawi, ndipo amfungulie sharhi zake. Vitabu vya kusomeshea vya sayansi viko vivyo hivyo. Kuna vya kuanzia, na vya kati, na vya wenye kubobea, na vyote huwa rafu moja, bega kwa bega, kwa kuwa mkutubi huvipanga kwa fani, wala hatazami ugumu. Kijana wa mwaka wa kwanza hunyosha mkono akatoa kile kinene cha mwisho, akafungua, asifahamu hata sahifa moja, akajihukumu kuwa hana akili. Dawa yake ni kukirudisha mahali pake na kutoa kilicho chepesi zaidi katika namba iyo hiyo. Tena asitosheke na kimoja, kwani waandishi wawili wa kitabu cha fani moja ni kama walimu wawili: usilolifahamu kwa huyu huenda ukalifahamu kwa yule.

Kuna jambo moja la vitabu hivi ambalo mtu wa elimu za dini hulistaajabia, nalo ni matoleo. Sisi twasoma Minhaj kama ilivyotoka kalamuni mwa Imamu Nawawi, wala hakuna athubutuye kubadili neno. Lakini tazama kitabu mashuhuri cha umbo la mwili wa binadamu kiitwacho Gray's Anatomy. Henry Gray alikitoa London mwaka wa 1858, na akafa mwaka wa 1861 akiwa na miaka 34 tu. Kitabu hakikufa naye. Kiliendelea kutengenezwa na kupigwa chapa, na toleo la 42 lilitoka mwaka wa 2020. Jina juu ya jalada ni la Gray, lakini yaliyomo yamekwisha kubadilishwa na mikono ya watu wengi. Kwa hivyo mwanafunzi wa tiba akisema "nimesoma Gray," hajasema kitu mpaka ataje na toleo.

Wala hili si jambo dogo. Mwaka wa 1957 ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, iitwayo thalidomaidi, na mwaka wa pili ikaingia Uingereza. Ilisifiwa kuwa haina madhara, hata wenye mimba wakapewa ili kuwapunguzia kichefuchefu cha asubuhi. Mwishoni mwa mwaka wa 1961 iliondolewa sokoni katika nchi hizo, baada ya kudhihirika kuwa ndiyo sababu ya watoto kuzaliwa na mikono na miguu mifupi au bila ya viungo hivyo. Na watoto waliopatwa wakadiriwa kuwa zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali. Sasa fikiri, ndugu yangu: kitabu cha dawa kilichopigwa chapa mwaka wa 1960 hakiwezi kukuonya kwa lililojulikana mwaka wa 1961. Kitakaa katika rafu kimya, kina jalada zuri na sauti ile ile ya mtu mwenye yakini. Katika tiba, na katika umeme, na katika majenzi, toleo jipya hufuta hukumu ya toleo la zamani, na mwenye kufanya kazi kwa lililofutwa huhatarisha roho za watu.

Hata hivyo mtu asichukue haya akadhani kuwa kila kikuukuu ni takataka. Hisabu haizeeki kama inavyozeeka tiba. Yaliyothibitishwa na Euclid kabla ya kuzaliwa Nabii Isa yangali ni kweli leo. Na Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad zama za Khalifa Maamun, alitunga kitabu cha aljabra ambacho hisabu zake zatoka sawasawa hadi leo. Na jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu ambalo vijana wa kompyuta hulitaja usiku na mchana bila ya kumjua mwenyewe. Tena sehemu kubwa ya kitabu kile ni masala ya wasia na mirathi. Nakala yake moja iko katika maktaba ya Bodley ya Chuo Kikuu cha Oxford, imeandikwa kwa mkono mwaka wa 743 wa Hijra, yaani mwaka wa 1342, na kwa nakala hiyo Frederic Rosen alikitoa kwa Kiarabu na tafsiri ya Kiingereza mwaka wa 1831.

Daraja nyingine ni vitabu vya kurejea. Hivi havisomwi toka mwanzo mpaka mwisho, hivi huulizwa. Katika hivyo ziko kamusi za fani, na mausua, na vitabu vya majedwali. Fundi wa mashine ana kitabu chake kiitwacho Machinery's Handbook, kilichoanza kutolewa mwaka wa 1914, na ndani yake atapata vipimo vya parafujo, na meno ya magurudumu, na nguvu za kila namna ya chuma, asihitaji kukisia. Kwa lugha yetu pia kuna kitu cha kushika mkononi: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka wa 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, na mwanafunzi anayeona haya kuuliza maana ya neno la Kiingereza ataona humo neno la Kiswahili lililo sawa nalo.

Katika vitabu vya kurejea kuna kimoja ambacho nastaajabu kuwa mabaharia wakijua na maimamu wengi hawakijui. Nacho ni Nautical Almanac, takwimu ya mabaharia, ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa la mwaka wa 1767, na hadi leo hutolewa kila mwaka. Humo mna mahali pa jua kwa kila saa ya kila siku ya mwaka: umbali wake kaskazini au kusini ya mstari wa kati wa mbingu, na jinsi linavyotangulia au kuchelewa kuliko saa ya mkononi. Mwenye kujua hayo mawili, pamoja na urefu na upana wa mji wake, aweza kuhisabu kwa kalamu wakati jua linapopinduka, na wakati kivuli kinapofika kadiri ya alasiri, na saa ya kuchwa na kuchomoza. Wangapi kati yetu hugombana msikitini kwa dakika tatu za jedwali lililotundikwa ukutani, na hakuna katika wagombanao ajuaye jedwali lile lilihisabiwa kwa mji gani!

Kisha viko vitabu vya mtu kushika jambo moja na kulichimba mpaka chini. Hivi aghlabu ni ghali, na wasomaji wake ni wachache, na ndivyo vipatikanavyo katika maktaba za vyuo vikuu na kukosekana madukani. Nitataja viwili vitugusavyo. Cha kwanza ni Flora of Tropical East Africa, ambacho ni orodha yenye maelezo ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1952 na ya mwisho mwaka wa 2012. Miaka 60 wataalamu wakipokezana, na waliouanza mradi si waliouona mwisho wake. Mimea iliyoelezwa humo yapita aina 12,000. Cha pili ni kitabu cha John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Medicinal Plants of East Africa, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1976, kikieleza miti ya dawa na jinsi watu wa kila upande wanavyoitumia. Jina moja la mti kwa watu wa Lamu huenda likawa ni mti mwingine kwa watu wa Vanga, na mgonjwa hunywa asichokusudiwa. Kitabu cha namna hii hufunga kila jina la kienyeji kwa jina moja la kitaalamu, ili watu wajue wanazungumza juu ya mti gani. Na ingefaa sana wauza dawa wetu waketi na kijana ajuaye kusoma rafu hizo.

Sasa tumefika kwenye daraja ambayo wengi hawajui kuwa ipo, nayo ndiyo mzizi wa zote. Elimu mpya ya sayansi haizaliwi katika vitabu vinene. Huzaliwa katika majarida. Mwezi wa Machi mwaka wa 1665, Henry Oldenburg alianza kutoa London jarida la Philosophical Transactions, ambamo kila mwenye kuchunguza jambo aliandika alichokiona na namna alivyokiona; na jarida hilo latoka mpaka leo. Makala ya jarida huwa fupi. Ile ya mwaka wa 1953 iliyoeleza umbo la DNA, ambalo ndani yake vimo vitu vya urithi vya kila kiumbe, ilitoka katika jarida la Nature na haikujaza hata sahifa mbili. Kutoka kwenye sahifa hizo yametoka maelfu ya vitabu.

Mwanafunzi wa hadithi hatapata taabu kufahamu makala hizi, kwani zina sanadi. Kila neno ambalo mwandishi hakuliona kwa macho yake hulitaja amelitoa kwa nani, mwaka gani, sahifa gani; nawe waweza kumfuata huyo, na huyo aliyetajwa na huyo, mpaka ufike kwa mtu aliyepima mwenyewe. Na kabla ya makala kukubaliwa, mhariri huipeleka kwa wajuzi wawili au watatu wa fani ile waikague, wataje udhaifu wake. Ni mfano wa jarhi na taadili, ingawa wakaguzi hawa hukagua maneno, na wetu walikagua mpaka nyendo za mwenye kusema.

Lakini kama walivyokuwapo wazushi wa hadithi, wapo na wazushi wa makala. Yapo majarida yenye majina makubwa ambayo hayakagui kitu. Mtu akilipa hupigwa chapa. Na hata majarida yaliyo thabiti hudanganywa. Mwezi wa Februari mwaka wa 1998, jarida la The Lancet, ambalo ni miongoni mwa majarida ya tiba yenye sifa kubwa, lilitoa makala ya daktari wa London na wenzake, juu ya watoto 12, iliyowafanya watu waamini kuwa chanjo ya surua na wenziwe yaleta usonji. Khabari ilienea dunia nzima, na wazazi wengi wakawazuia watoto wao, na surua ikarudi mahali ilipokuwa karibu kusahauliwa. Uchunguzi ulipofanywa, ilidhihirika kuwa mambo hayakuwa kama yalivyoandikwa. Mwezi wa Februari mwaka wa 2010 jarida likaifuta makala ile, na mwaka uo huo daktari yule akaondolewa katika daftari la madaktari wa Uingereza.

Zingatia jambo hili. Maktaba iliyofunga majarida ya mwaka wa 1998 kwa jalada ingali na makala ile kama ilivyotoka, kwani karatasi haijui kuwa imefutwa. Mwenye kukuletea sahifa ile na kukwambia "tazama, imeandikwa," hakusema uongo kuwa imeandikwa. Suali la kumrudishia ni: je, haikufutwa? Nasi katika mitaa yetu tumesikia mengi dhidi ya chanjo kwa maneno ya "yameandikwa katika vitabu vya Wazungu wenyewe." Mwenye kujua daraja za vitabu hatatikisika kwa neno hilo; atauliza kitabu gani, mwaka gani, na wenzi wake walikikubali au walikikataa.

Majarida ni ghali, na chuo maskini hakiwezi kuyanunua yote. Lakini tangu mwaka wa 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa wana mpango uitwao Hinari, ambao vyuo vya nchi zenye uwezo mdogo huyapata majarida ya tiba kwa kompyuta bila ya malipo au kwa malipo kidogo, na mipango ya namna hiyo iko kwa kilimo na sayansi nyinginezo. Kwa hivyo kijana asiseme "rafu yetu ina majarida machache." Rafu anayoiona ni sehemu tu ya maktaba yake. Na amwendee mkutubi. Sijui ni kiburi au ni haya iwazuiayo vijana wetu kumuuliza mkutubi, na ilhali ndiyo kazi aliyowekewa.

Zimebaki mbili, maandiko ya mkono na tasnifu, nami nitazieleza pamoja kwa sababu utakayoiona.

Katika karne ya 17 wanavyuoni wa Ulaya walisafiri mpaka Halab na Istanbul kutafuta vitabu vya Kiarabu, na vingi vya hivyo vilikuwa vya hisabu na falaki na tiba. Jacobus Golius alirudi Leiden, Uholanzi, mwaka wa 1629 na shehena ya vitabu. Na Levinus Warner, aliyefia Istanbul mwaka wa 1665, aliiachia maktaba ya chuo kikuu cha Leiden kwa wasia kiasi cha vitabu 1,000. Oxford nao walifanya mfano wa hayo. Faida yake yaonekana kwa kitabu kimoja cha Myunani Apollonius, juu ya mikato ya pia, ambacho kilikuwa na juzuu nane. Nne za kwanza zilibaki kwa Kiyunani. Ya tano, ya sita na ya saba zilipotea kwa lugha yake, zikabaki katika tafsiri ya Kiarabu iliyofanywa Baghdad kwa juhudi za watoto wa Musa bin Shakir. Na ya nane haikuonekana tena. Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia yaitwa kwa jina lake, alijifunza Kiarabu akiwa mtu mzima ili azitoe juzuu zile, na zikapigwa chapa Oxford mwaka wa 1710. Mzungu alijifunza lugha yetu ya darsani ili asome hisabu, na sisi tunaojua lugha ile hatujui kuwa hisabu zimo.

Sasa tasnifu. Tasnifu ni kitabu anachoandika mwanafunzi wa daraja ya juu ili apewe ijaza yake. Hupigwa chapa nakala chache, na aghlabu hakuna anayekifungua tena. Mwaka wa 1924 tabibu kijana wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alitoa tasnifu yake katika chuo kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Alikuwa amesoma katika maktaba ya Berlin maandiko ya mkono ya Ibn al-Nafis, tabibu wa Sham na Misri aliyefariki mwaka wa 1288. Kitabu chenyewe ni sharhi, sharhi ya mlango wa umbo la mwili katika Qanun ya Ibn Sina. Ndani ya sharhi hiyo Ibn al-Nafis anamkhalifu Ibn Sina na Galen kwa uwazi. Wao walisema damu hupenya toka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kwa vitundu vilivyo katika ukuta wa kati. Yeye akasema ukuta ule ni mzito, hauna vitundu. Damu huenda kwanza kwenye mapafu, ikachanganyika na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Maneno haya yaliandikwa takriban miaka 300 kabla ya wanavyuoni wa Ulaya kuyasema, na yamelala katika rafu karne kwa karne, kwa kuwa kila apitaye aliona neno "sharhi" akadhani ni kukariri yaliyosemwa. Tasnifu ya Tatawi nayo ilikaribia kulala usingizi ule ule, lau si Max Meyerhof, tabibu Mjerumani aliyekaa Cairo, aliyeitangaza.

Kwa hivyo mwenye kijana chuo kikuu amwambie azitazame na tasnifu za chuo chake. Chuo Kikuu cha Nairobi kimeziweka tasnifu zake nyingi katika mtandao, na yeyote aweza kuzisoma bila ya malipo, hata akiwa si mwanafunzi. Humo mna uchunguzi wa maji ya visima, na wa mikoko, na wa samaki, na wa maradhi ya watu wa pwani, uliofanywa na watoto wa nchi hii, katika mitaa ambayo msomaji aijua kwa majina. Mwenye kutaka kuanza, na aanze kwa kutafuta jina la mji wake.